Sakafu Isiyo na Nyumba

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo kidogo cha polisi, Barabara ya Morogoro, Wilaya ya Kibaha
Jumatano, tarehe 26 Oktoba 1983, saa 3:20 asubuhi

Jina: Mwanaamina Saburi (Mama Mboni)
Umri: Miaka 49
Kabila: Mzaramo
Dini: Mwislamu
Elimu: Darasa la nne, na chuo cha Kurani
Kazi: Mkulima wa muhogo, pia husuka mikeka
Makazi: Visiga, nyumba kumi za balozi Mfaume
Mwandishi wa maelezo: Koplo Margareth

Mimi niliyetajwa hapo juu nimekuja kituoni kwa miguu yangu, sikuitwa na mtu. Nimeonywa niseme kweli tupu, nami nimejibu kwamba hilo niliamrishwa zamani, kabla kituo hiki hakijajengwa.

Nimekuja kwa ajili ya Fabian Kagaruki, fundi seremala, aliyewekwa mahabusu hapa tangu Jumamosi. Nimesikia kwamba yumo katika wazururaji watakaopakiwa kwenye lori kesho Alhamisi, wapelekwe kulima mbali. Nimesikia pia kwamba alipokamatwa aliulizwa anakwenda wapi, akakaa kimya mpaka leo. Nimekuja kueleza alikuwa anakwenda wapi. Alikuwa anakwenda nyumbani kwangu.

Umeniuliza kwenda kufanya nini. Kwenda kucheza. Naona umeweka kalamu chini, mwanangu. Hukukosea, hata mimi ningeiweka. Basi niache nianze mbali kidogo, ili nikifika hapo paeleweke.

Mwaka 1966 marehemu mume wangu, Abeid, alikuwa kibarua wa ujenzi hapa Kibaha, nami nikapata kazi ya kufua na kupiga pasi kwa familia moja ya Wazungu waliokuja kufundisha. Nyuma ya nyumba yao palikuwa na kiwanja cha saruji cha kuanikia nguo. Jioni baba na mama walikuwa wakishusha kamba ya kuanikia mpaka usawa wa kiuno, wanatundika shuka juu yake, wanachora mistari ya chaki chini, kisha wanapigiana mpira mdogo mwepesi wenye matundu kwa vibao vya mti. Uwanja wao wote ulikuwa ni huo. Mimi nilikuwa nawalaumu moyoni kwa sababu ya zile shuka, maana mfuaji ni mimi.

Asubuhi baba akienda kufundisha, yule mama alibaki peke yake. Siku moja aliniita akanipa kibao. Nilikataa, akaendelea kukinyoosha, nikakishika. Tangu siku ile, nikimaliza kuanika tulicheza mpaka nguo zikauke. Yeye Kiswahili kilikuwa hakimtoshi, na mimi Kiingereza sikijui mpaka leo, kwa hiyo hatukuwa na la kuambiana ila ule mpira. Nilidhani ananifundisha kwa wema wake tu. Sasa ndiyo naelewa kwamba alikuwa mpweke. Waliondoka mwaka 1969 na sikupata habari zao tena.

Abeid alifariki mwaka 1979. Mwanangu ni mmoja, Mboni, ameolewa Tanga. Idd moja huja, nyingine hukosa usafiri. Naswali, nalima, nasuka ukili wangu. Sisemi kwamba Mungu ameninyima kitu. Nasema tu kwamba kuna siku nilikuwa naswali Alasiri, nikafika kwenye kutoa salamu mwisho wa swala, kuume na kushoto, nikatambua kwamba hayo ndiyo maneno ya kwanza niliyomsalimia mtu tangu kuamka. Na waliokuwa kuume na kushoto walikuwa malaika.

Mwaka huu, mwezi wa saba, baada ya Idd ya kufungua, Mboni alikuja, akakaa siku mbili tatu, akaondoka. Nyumba ikanyamaza kuliko ilivyokuwa kabla hajaja. Ndipo nikaukumbuka ule mchezo wa vibao. Nikasema nitatengeneza uwanja hapa hapa nyumbani, wanawake wa jirani na mabinti zao wawe wanakuja wakitoka shamba, tuwe tunacheka kidogo kabla ya kwenda kupika. Saruji haipatikani, na hata ningeipata ningeulizwa nimeipata wapi. Nikaamua kutengeneza kwa vya kwetu.

Ubavuni mwa nyumba yangu, upande unaotazama njia ya kisimani, pana mahali tambarare ambapo Abeid alikuwa akifunga mbuzi. Niling'oa visiki, nikasawazisha. Ukubwa niliukumbuka kwa nguo: nilijua shuka ngapi zilienea kwa upana pale kwa Wazungu na ngapi kwa urefu, maana nilizianika kwa miaka mitatu; nikazipima kwa kanga. Udongo nilichimba kwenye kichuguu, nikauchekecha kama unga, nikauchanganya na majivu. Wenzetu wa bara hutia na samadi ili usipasuke. Mimi sikutia. Nilitaka pawe tohara, pasiwe na najisi, ili swala ikimkuta mtu anacheza aweze kutandika mkeka papo hapo.

Wavu sikuwa nao. Nilisuka ukili mpana wa milala, niliouachia nafasi nafasi upepo upite, nikaufunga kwenye nguzo mbili. Kwa mistari, chokaa ingeoshwa na mvua ya kwanza, kwa hiyo nilikusudia kuzika kamba za usumba wa nazi juu juu katika udongo mbichi, zionekane lakini zisimkwaze mtu. Mpira alinitengenezea kaka yangu, Pazi, anayekaa Kisarawe karibu na msitu, ambako mibungo bado ipo. Aligema utomvu akauviringisha mkononi mwake safu juu ya safu, kama tulivyofanya utotoni, nami nikaenda mwenyewe Kisarawe kuufuata. Aliniuliza ni wa mjukuu yupi. Nikamwambia ni wangu. Akaingia ndani, akatoka na mwingine wa pili akanipa.

Kilichobaki kilikuwa kuipiga sakafu, na hiyo si kazi ya mtu mmoja.

Wewe mwanangu umesema kwenu ni Bukoba, pengine hujaona. Kwetu kupiga sakafu ni kazi ya wanawake. Mwenye sakafu huwaita wenzake, kila mmoja anakuja na kibao chake kipana chenye mpini mfupi, wanachuchumaa kwa safu na kuupiga udongo mbichi kwa pamoja huku wakiimba, wanasogea, wanarudia, mpaka ugumu uingie na nyufa zisiwepo. Mnamo tarehe 30 Julai, siku ya Jumamosi, niliwaita. Nilisema maneno haya tu: "Nina sakafu, naomba mnisaidie." Walikuja wengi kuliko niliowaita. Mwamvita, jirani yangu wa karibu kabisa, alikuja na sufuria la uji wa mchele, tena umetiwa sukari. Sukari ya mwaka huu mwenyewe unaijua. Nilishangaa, lakini sikuuliza, maana wema hauulizwi sababu.

Waliimba zile nyimbo za kumtania bwana harusi, kwamba hajui kushika jembe, kwamba atalishwa mpaka asahau kwao. Nilidhani ni mazoea, kwani nyimbo za sakafu nyingi ndizo hizo. Hata mimi niliitikia, na kwa sauti.

Adhuhuri ilipokaribia tulikuwa tumemaliza. Kamba zangu nilishazilaza, nao wakazipiga zikazama vizuri bila kuniuliza ni za nini. Baadaye niliambiwa walidhani ni mahali pa kusimamisha kuta za vyumba. Mwamvita alifuta jasho kwa ncha ya kanga akasema, "Haya bi harusi, sasa tutajie jina."

Nikamwuliza jina la nani.

"La mwenye nyumba. Au tumempigia mzimu?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Kwetu mjane hapigishi sakafu mpya ila kwa moja ya mawili: nyumba yake imeanguka, au anaolewa. Na nyumba yangu ilikuwa imesimama pale pale mbele ya macho yao. Mimi kwa kukaa siku zote zile na ule mchezo kichwani nilisahau kwamba kilichomo kichwani mwangu mwenzangu hakioni. Nikawaambia hakuna nyumba wala mume, ni uwanja wa kuchezea, tena nimewatengenezea wao. Nikautoa mpira nikaudundisha pembeni. Uliruka vizuri sana. Hakuna aliyenyoosha mkono kuudaka.

Mwamvita alisema, "Mama Mboni, ile sukari nilikuwa nimemwekea mkwe wangu anayejifungua." Wakakung'uta vibao vyao, wakaondoka mmoja mmoja. Sufuria aliliacha. Nililisugua, nikalirudisha kesho yake, nikaliweka mlangoni kwake kwa sababu hakuitikia hodi.

Sakafu ilikauka bila ufa hata mmoja. Nasema haki yao: waliipiga kwa moyo.

Kuanzia hapo wapitao kwenda kisimani walikuwa wakiniita kutoka njiani. "Mama Mboni, kuta lini?" Mwingine, "Paa utaezeka kwa nini, kwa mawingu?" Mimi nilikuwa nacheka nao, maana angalau walikuwa wananisemesha. Lakini kuja kucheza hakuja mtu. Baada ya swala ya Alfajiri nilifagia uwanja, nafagia hata majani ambayo hayapo, kisha napiga mpira kwenye ukuta wa nyumba unirudie. Udongo wa ukuta ulipoanza kubanduka niliacha. Nikawa nafagia tu.

Mnamo katikati ya mwezi wa nane, asubuhi, alipita mtu mzima na jembe begani, akasimama, akasalimu. Nilikuwa namjua kwa sura. Ni huyu Fabian. Kwao Bukoba. Alikuja huku na kampuni ya ujenzi akiwa fundi wa mbao, kampuni ikafunga kazi, mafundi wakatawanyika. Yeye hakurudi kwao kwa sababu mkewe amezikwa Mlandizi. Alisema akiondoka kaburi litapaliliwa na nani. Amepanga chumba Visiga, amekodi kipande cha shamba cha muhogo, na mtu akimletea mbao zake mwenyewe humtengenezea kiti au mlango. Mbao zenyewe siku hizi mnajua hazipo. Kwa hiyo mgambo waliposema hana kazi, nadhani walitafuta karakana wasiione. Mimi nimeviona viti.

Aliuliza ile sakafu ni ya nini. Nilikuwa nimechoka na habari za kuta, nikamjibu ilivyo: ni ya mchezo, unachezwa na watu wawili, mmoja huku na mmoja kule. Alikuja mpaka ukingoni, akavua viatu kama anayeingia msikitini, lakini hakukanyaga. Akaangalia ukili, akaangalia kamba zilizozama. Kisha akauliza, "Na mwenzako yuko wapi?"

Niliuokota ufagio. Naye hakungoja. Akavaa viatu akaenda zake.

Baada ya siku chache alirudi na vibao viwili vipya, amevichonga kwa mabaki ya masanduku, vyembamba, vyenye mpini wa kushikika. Alisema kibao cha kupigia sakafu kitanivunja kifundo cha mkono. Ndivyo hivyo viwili hapo mezani kwako. Chenye mpini uliofungwa kipande cha kanga nyekundu ni changu, na ile kanga ni yangu, nyumbani ninayo iliyobaki, ukitaka nitaileta uilinganishe.

Sasa naomba uandike hili kwa uangalifu, koplo, kwa sababu najua litakavyosemwa. Nimesoma chuoni kwamba mwanamume na mwanamke wasio maharimu wakikaa faragha, wa tatu wao ni shetani. Ndiyo maana sikuweka faragha. Ule uwanja uko wazi, njia ya kisimani inapita mbele yake, na kila aliyetaka kuona aliona. Tulicheza Jumanne na Jumamosi, jua likishapanda, na tuliacha mapema nipate kutawadha kwa Adhuhuri. Mlango wa nyumba niliufunga kwa nje, na ufunguo nikautundika kwenye nguzo anapouona kila mpita njia. Barazani kwangu hakupanda. Maji alikuja nayo mwenyewe katika chupa. Na siku zote ukili ulikuwa katikati yetu. Tangu siku ya kwanza mpaka ya mwisho hakuwahi kuuvuka, hata mpira ulipoangukia upande wangu karibu kabisa na yeye. Alisubiri nimrushie.

Umeuliza tulizungumza nini. Machache. Yeye alihesabu mabao kwa Kihaya na mimi kwa Kiarabu cha chuoni, kwa hiyo hakuna aliyejua kama mwenzake anaiba. Nikimshinda alisema, "Leo jua lilikuwa machoni." Jua lilikuwa mgongoni mwake. Nikimwambia, anasema, "Basi la jana." Mimi nilimwita Fundi, yeye aliniita Mama Mboni. Siku moja tu alizungumza zaidi, akasema kwamba chumbani kwake huwa anaacha kiti cha mkewe mahali kilipokuwa, na kwamba siku za Jumanne na Jumamosi ndizo siku ambazo haoni haja ya kukitazama. Nilianzisha mpira.

Mnamo mwezi wa tisa, siku sikumbuki vizuri ila ilikuwa kabla ya Idd ya kuchinja, balozi wetu, Mzee Mfaume, alifika kwangu baada ya Alasiri. Ni mtu mwema, na alikuwa rafiki wa marehemu. Alikaa barazani, akazunguka sana na habari za mvua, ndipo akaniambia kwamba maneno yamekuwa mengi. Watu wanasema mwenye nyumba kapatikana, tena anavaa msalaba. Akanishauri nizungushie uwanja ua wa makuti. "Dada yangu, ua ni sitara," alisema.

Nikamwambia, "Kaka Mfaume, nikiweka ua ndipo nitakuwa na cha kusitiri."

Alifikiri, akasema huo nao ni ukweli, ila watu hawaishi kwa ukweli peke yake. Kisha akainuka. Njiani nadhani alikutana na Fundi, kwa sababu Jumamosi iliyofuata Fundi alikuja, akasimama nje ya uwanja na viatu miguuni, akaniambia kwamba amesikia jina langu liko vinywani mwa watu, na kama nataka asije tena, niseme. Nikamwambia sakafu nimeshafagia. Akavua viatu. Kabla hatujaanza alisema, "Jina lako kwangu halitatoka, Mama Mboni." Nilidhani amesema kama watu wanavyosema.

Jumanne ya wiki iliyopita, tarehe 18, mpini wa kibao changu ulipasuka. Alivichukua vyote viwili akavitengeneze kwa pamoja, ili kimoja kisiwe kizito kuliko kingine. Alisema Jumamosi atavirudisha.

Jumamosi, tarehe 22, nilifagia. Nilifunga mlango, nikatundika ufunguo, nikakaa ukingoni kwenye kigoda na mpira mapajani. Jua likapanda, likapita pale tunapoanzia. Nilidhani anaumwa. Niliposikia adhana ya Adhuhuri nilifungua mlango nikaingia ndani. Jumanne, yaani jana, nilifagia tena na hakuja. Nilitaka kwenda kumwulizia anapokaa, nikafika njiani nikarudi, kwani ningemwambia mwenye nyumba wake kwamba mimi ni nani yake? Sikupata neno. Jirani si jirani, ndugu si ndugu. Kwa Kiswahili sijui mtu anayekungoja siku mbili kwa wiki anaitwaje.

Jana hiyo hiyo, baada ya Alasiri, Mwamvita alikuja uwanjani. Ilikuwa mara yake ya kwanza kukanyaga pale tangu siku ile waliyoipiga. Alisimama katikati ya sakafu, akaikanyaga kwa kisigino kuijaribu, akasema, "Imeshika." Kisha akasema, "Fundi wako kakamatwa."

Mumewe alikuwa barabarani Jumamosi ile, akaona. Mgambo walimsimamisha Fundi mnamo saa nne asubuhi kwenye njia inayotoka barabara kuu kuja kwetu, ana vibao viwili vimefungwa katika gunia. Walimwuliza anakaa wapi, akajibu. Anafanya kazi gani, akajibu. Anakwenda wapi na hivyo vibao, akanyamaza. Wakamwuliza tena kwa ukali, akatazama chini. Kutoka pale alipokamatwa unaona nguzo za uwanja. Angeweza kuonyesha kwa kidole.

Nilianza kuvaa nije jana ile ile. Mwamvita akanishika mkono. "Usiende," alisema. "Sasa hivi ni maneno ya kisimani tu, mtu anasema na mwingine anakanusha. Ukienda kituoni umejiandikia mwenyewe. Mboni akisikia huko Tanga, wakwe zake wakisikia, utasema nini?"

Nikamwuliza, "Na yeye akipakiwa kwenye lori, kaburi la mkewe nani atalipalilia?"

Mwamvita aliniachia mkono. Mwisho akasema jioni imeingia, gari haliaminiki, nisubiri asubuhi. Leo alfajiri alikuja kabla sijamaliza uradi. Nikajua amekuja kunizuia tena. Akanitazama, akasema nimejifunga ushungi vibaya, akaufungua, akaufunga upya vizuri kwa pini yake mwenyewe, akarudi kwake. Hii pini unayoiona ni ya Mwamvita.

Umenieleza, koplo, kwamba maelezo haya itabidi yasomwe mbele ya balozi ili ayathibitishe, na kwamba huenda na wajumbe wakayasikia. Nimeelewa. Umeniuliza kama bado nataka yaandikwe. Nataka.

Najua yatakayofuata. Yakishasomwa, yeye hawezi kuja tena uwanjani na mimi siwezi kumwambia njoo. Ilivyokuwa ni kwamba kila mtu aliona na hakuna aliyeandika. Ikishaandikwa ni kitu kingine. Atakuwa huru akapalilie muhogo wake na kaburi lake, na akipita njia ya kisimani itabidi tusalimiane kwa mbali kama watu waliowahi kugombana, ilhali hatukugombana hata siku moja, ila kwa habari ya jua. Nimelipima hilo njia nzima nikija. Nimeona afadhali apite kwa mbali kuliko asipite kabisa.

Siombi ahurumiwe kwa machozi yangu, na kama unayaona usiyaandike. Naomba jambo moja lieleweke. Nimeelezwa hapa kwamba mzururaji ni mtu asiye na kazi wala pa kwenda. Kazi ya mikono yake iko hapo mezani; tazama ule mpini, ufa hauonekani hata ukipitisha ukucha. Na pa kwenda alikuwa napo. Alikuwa anangojwa. Nilikuwa nimeshafagia.

Haya niliyoyasema ndiyo niliyoyaona na kuyafanya, sikuongeza, na la kupunguza sina. Nimesomewa yote kwa Kiswahili ninachokielewa, nikasahihisha mahali pamoja tu, palipoandikwa kwamba ni uwanja wangu. Ni uwanja wa watu wawili.

Saini ya shahidi: Mwanaamina Saburi (ameandika kwa herufi za Kiarabu, na chini yake kwa herufi za kawaida)

MAELEZO YA OFISA

Nathibitisha kwamba maelezo haya yametolewa mbele yangu kwa hiari, bila kitisho wala ahadi, na yamekamilika saa 5:10 asubuhi.

Balozi Mfaume aliitwa akafika saa 8 mchana. Amesomewa. Amesema uwanja upo, uko wazi kama alivyoeleza shahidi, na kwamba yeye mwenyewe amepita mara nyingi wakati wa mchezo na hakuona baya. Ameomba hilo la mwisho liandikwe.

F. Kagaruki aliletwa mbele yangu na shahidi akiwepo. Nilimwuliza mara nyingine alikuwa anakwenda wapi siku aliyokamatwa. Alimtazama shahidi kwanza. Shahidi akasema, "Nimeshasema, Fundi." Ndipo akajibu, "Kwa Mama Mboni. Nilikuwa nimechelewa."

Jina lake limeondolewa katika wanaosafirishwa. Ameachiwa saa 9:30 alasiri.

Vidhibiti: vibao viwili vya mti. Kila mmoja amekabidhiwa chake. Shahidi alikuwa na mipira miwili ya mbungo ndani ya kikapu. Mmoja ameuacha juu ya meza akasema ni wa mwenye kile kibao kingine. F. Kagaruki ameupokea.

Shahidi ametoka wa kwanza. F. Kagaruki ameomba kukaa kwenye benchi mpaka shahidi awe ametoweka machoni barabarani. Nimemruhusu.

Koplo Margareth